Nilikuwa Nafundisha Moli, Halafu Nikalala na Jiko

Wasee, leo hakuna mzaha. Naanza na swali la Fomu Tatu, na usigugo.

Gramu 12 za kaboni zikiungua vibaya, oksijeni ikiwa kidogo, zinatoa lita ngapi za kaboni monoksaidi?

Kama ulikaa darasani, jibu linatoka kabla hujameza mate. Kaboni ni 12, kwa hivyo hiyo ni moli moja. Moli moja ya kaboni inatoa moli moja ya gesi. Moli moja ya gesi kwa joto la kawaida la chumba ni lita 24. Alama tatu, geuza ukurasa.

Mimi hilo swali ningelijibu nikiwa nimelala. Na manze, karibu nilijibu nikiwa nimelala kabisa, ule usingizi wa kutoamka.

Ilikuwa Julai, mwaka wangu wa kwanza kampasi. Mnaijua Julai ya Nairobi, ile baridi inaingia kwa mifupa na kukaa huko kama mpangaji. Tulikuwa wawili kwa bedsita, mimi na mwenzangu tuliyetoka shule moja. Keja mpya, taili chini, dirisha la alumini linalofunga hadi husikii matatu. Tulikuwa tunajionea tumefika. Jioni hiyo tulichemsha maharagwe nje kwa korido na jiko la makaa, kwa sababu gesi ilikuwa imeisha na hela hazikuwa zimeingia. Maharagwe yakaiva. Makaa yalikuwa bado mekundu, mazuri, hayana moshi hata kidogo. Nani anamwaga makaa kama hayo Julai? Tukaingiza jiko ndani, tukafunga mlango, tukafunga dirisha, tukaweka filamu kwa laptopu.

Kichwa kikaanza kuniuma. Nikasema ni njaa, halafu nikakumbuka nimetoka kula. Nikasema ni skrini. Mwenzangu akasema anasikia kutapika, nikamcheka, nikamwambia ni maharagwe yake hayakuiva. Baadaye nikaona nimeacha kufuata filamu, naangalia tu picha zikipita. Sikuogopa. Hiyo ndiyo kitu inanisumbua hadi leo, kwamba sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa na usingizi mtamu sana.

Kilichotuokoa ni stima kupotea. Mathe wa mandazi wa mlango wa pili alikuja kugonga kuuliza kama ni tokeni zake zimeisha ama ni jengo lote. Akagonga, akagonga tena, mwenzangu akajikokota akafungua, akaanguka pale pale mlangoni. Mathe akaangalia ndani, akaona ule wekundu gizani. Hakuuliza swali. Alivua leso, akashika jiko nayo, akalitoa hadi korido, akarudi akafungua dirisha, akatuvuta nje mmoja mmoja kama magunia. Ndio akatupa maneno: "Nyinyi watoto, mlitaka niitie wazazi wenu maiti asubuhi?"

Miguu yangu ilikuwa kama ugali haujashika. Tulikaa kwa ngazi hadi usiku wa manane, tumefunikwa blanketi yake, kichwa kikigonga. Tulipaswa kwenda hospitali hiyo hiyo saa. Hatukwenda, tuliogopa bili. Usifanye hivyo.

Sasa sikia sehemu ya aibu. Mwezi huo huo nilikuwa na mtoto wa Fomu Tatu namfundisha tuisheni Jumamosi. Mada? Moli. Nilikuwa nimemwambia kwa mdomo wangu kwamba gramu 12 za kaboni ni lita 24. Nilikuwa nalipwa kwa hiyo sentensi.

Siku mbili baadaye nilichukua risiti ya supa, nikageuza nyuma, nikapiga hiyo hesabu kwa mara ya kwanza nikiwa sina mtihani. Nawawekea hapa polepole, kwa sababu hii ndiyo posti yenyewe.

Keja yetu ilikuwa mita 3 kwa mita 3, dari mita 2.5. Zidisha: mita za ujazo 22.5. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, kwa hivyo keja nzima ilikuwa na lita 22,500 za hewa. Inasikika kama hewa mingi, si ndio?

Jiko letu, tuseme lilikuwa na nusu kilo ya makaa. Makaa si kaboni tupu, kuna majivu na maji na takataka, tuseme gramu 400 ndizo kaboni. Si yote inageuka sumu, nyingi inakuwa kaboni dayoksaidi. Tuhurumie jiko, tuseme ni sehemu moja tu kwa kumi inayotoka ikiwa monoksaidi. Hiyo ni gramu 40. Gawanya kwa 12, unapata moli 3.33. Zidisha kwa 24. Lita 80.

Lita 80 ndani ya lita 22,500. Ni kama 0.36 kwa mia. Mtu wa hesabu za mtihani anaona hiyo namba anasema, aah, hata moja kwa mia haijafika.

Ndio maana hesabu ya moli peke yake haitoshi, lazima uulize swali la pili: hiyo 0.36 inafanya nini kwa mtu? Hiyo gesi inashika himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Inachukua kiti cha oksijeni na haishuki. Hewa yenye 0.1 kwa mia tu, ukikaa nayo saa chache, inatosha kukuzima na kukuua. Na 0.1 ya keja yetu ni lita 22.5. Yaani hata moli moja haijafika. Chini ya gramu 12 za kaboni. Hiyo ni kipande cha makaa unaweza kuficha ndani ya ngumi.

Pima kwa uzito pia, ukitaka. Gramu 12 za kaboni zinatoa gramu 28 za hiyo gesi. Zisambaze kwa mita 22.5 za ujazo, ni kama miligramu 1,240 kwa kila mita. Shirika la Afya Duniani linasema kwa saa moja mtu asivute hewa iliyopita miligramu 35. Tumepita mara 35, na hapo ni kipande kimoja tu.

Bila shaka keja halisi inavuja. Kuna nafasi chini ya mlango, kuna shimo la waya. Ndio maana niko hai naandika. Lakini hapo ndipo nataka kumjibu cucu wangu, na macucu wenu wote, kwa heshima. Nilipomweleza aliniambia, "Sisi tumelala na moto miaka yote, mbona hatukufa?" Cucu, jikoni kwako shags kuna pengo kati ya ukuta na mabati, paka anapita hapo. Moshi unatoka, na gesi inatoka nao. Sisi tumehamia vyumba vya taili na alumini tukabeba tabia ya jikoni kwako, tukaacha pengo huko.

Sasa twende kwa mwalimu.

Unajua kitu iliniuma nilipofungua tena vitabu vyangu vya sekondari? Jiko liko kwa silabasi. Sio utani. Fomu Pili, mada ya kaboni, kuna ile picha ya jiko la makaa limekatwa katikati. Chini hewa inaingia, kaboni inakuwa dayoksaidi. Katikati hiyo dayoksaidi inapita kwa makaa moto na kugeuka monoksaidi. Juu, ikipata hewa, inaungua na ule moto wa bluu. Nilichora hiyo picha. Nilitaja sehemu zote tatu. Nilipata zote.

Halafu Fomu Tatu ikaja moli, na jiko halikurudi. Tukapewa vipande vya marumaru na asidi ya haidrokloriki. "Piga hesabu ya ujazo wa gesi itakayotoka." Mara ngapi? Nadhani nimeua tani nzima ya marumaru kwa karatasi. Mwaka mmoja una jiko bila namba, mwaka unaofuata una namba bila jiko. Hakuna mtu aliyesimama akasema, hebu lete ile picha ya mwaka jana, tuipige hesabu.

Na angalia vile ingekuwa tamu. Ile hatua ya katikati, dayoksaidi moja ikigusana na kaboni moja inatoa monoksaidi mbili. Lita 24 zinaingia, lita 48 zinatoka. Ujazo unazidi mara mbili ndani ya makaa, na hauoni chochote, kwa sababu haina rangi wala harufu. Moshi ukiisha tunasema jiko sasa ni safi, ingiza ndani. Lakini wekundu bila moshi ndio hiyo hatua ikiendelea.

Kuna mwingine aliniambia dawa ni kuweka beseni ya maji kando ya jiko. Hii nimeisikia kwa watu wazima wenye akili zao. Buda, kumbuka maabara: kaboni monoksaidi tulifundishwa inakusanywa juu ya maji. Kwa nini? Kwa sababu haiyeyuki kwa maji, labda chembe tu. Gesi inayopita ndani ya maji ikatoka upande wa pili nzima, itanaswaje na beseni imekaa pale pembeni? Jibu lilikuwa kwa daftari lako miaka yote.

Rafiki yangu mmoja alikuwa kwa mazoezi ya ualimu muhula uliopita, na nilipomwambia haya alikasirika kidogo. Akasema, wewe uliacha chuo, hujui vile silabasi ni ndefu. Darasa la watoto 60, mizani mbili, moja imeharibika. Mtihani hauulizi juu ya keja yako, unauliza marumaru. Mzazi hataki mtoto aliyeelewa, anataka mtoto aliyepita. Nikanyamaza, kwa sababu yote aliyosema ni kweli. Mwalimu si adui hapa. Lakini sijaomba mada mpya, nimeomba swali libadilishwe. Badala ya gramu 25 za marumaru, andika gramu 40 za kaboni. Hatua ni zile zile: gramu gawanya kwa uzito wa moli, angalia mlinganyo, zidisha kwa 24. Muda ni ule ule. Kitu kimoja tu unaongeza mwishoni: "Linganisha na ujazo wa chumba cha mita 3 kwa 3." Hapo hapo mtoto wa nyuma aliyelala anaamka, kwa sababu hicho chumba ni chake.

Na kuna kitu kingine tulimezeshwa bila kutafuna. Kwa nini gesi zote zina hiyo 24? Haidrojeni ni gramu 2 kwa moli, butani ni gramu 58. Inawezekanaje zichukue nafasi sawa? Nilipita mtihani bila kujiuliza. Mwaka 1811 Mwitaliano Amedeo Avogadro alisema ujazo sawa wa gesi, kwa joto na shinikizo sawa, una idadi sawa ya chembe. Maana yake gesi ni nafasi tupu kwa sehemu kubwa sana. Chembe yenyewe ni ndogo hadi ukubwa wake hauhesabiki, kinachojaza nafasi ni mbio zake. Ni kama watoto wa nasari kwa uwanja. Mnene ama mwembamba haijalishi, wakikimbia wanajaza uwanja.

Na hata hiyo 24, wasee, si ya Nairobi. Hii niliijua baada ya kuacha chuo na ilinifurahisha kijinga. Hiyo 24 ni ya shinikizo la usawa wa bahari, yaani ni namba ya Mombasa. Nairobi tuko kama mita 1,700 juu, hewa inatukandamiza kidogo, kwa hivyo moli moja inatanuka hadi karibu lita 29. Hakuna mtu aliwahi kuniambia. Kwa hivyo zile lita 80 zangu za jiko, kwa Nairobi ni kama 97. Hesabu ya mtihani ilikuwa inanipunguzia hatari.

Sasa usiseme wewe hutumii makaa, una mtungi. Tuupige pia, haraka. Mtungi wa kilo 6 una mchanganyiko wa propani na butani, tuseme yote ni butani kurahisisha. Gramu 6,000 gawanya kwa 58 ni moli 103. Mara 24, karibu lita 2,480. Kitu kinachokaa chini ya meza yako kina lita elfu mbili na zaidi za gesi ndani yake, zimefinywa zikawa maji. Butani ikifika karibu asilimia 2 ya hewa, inangoja cheche tu. Asilimia 2 ya ile keja yetu ni lita 450. Rudi nyuma: moli 19 kasoro kidogo, kama kilo moja. Kilo moja kati ya zile sita ikivuja usiku na dirisha limefungwa, chumba chote kiko tayari. Na hakihitaji kuwa chote, kwa sababu moli ya butani ni gramu 58 na ya hewa ni kama 29, kwa hivyo inalala chini kwa sakafu na kujaza huko kwanza. Ndio maana ukisikia harufu unafungua mlango, hauwashi taa, na haupigi simu ukiwa ndani.

Angalau hiyo wamewekea harufu makusudi. Jiko halina mtu wa kuliwekea harufu.

Mnakumbuka usiku wa tarehe 1 Februari 2024, Mradi kule Embakasi. Lori la gesi lililipuka, moto ukaonekana mbali, watu wakafa, zaidi ya mia mbili wakajeruhiwa. Wiki nzima mtandaoni tuliongea juu ya leseni na nani alipewa nini, na ilikuwa sawa kuongea hivyo. Lakini sikuona mtu mmoja akichukua kilo akazigeuza kuwa lita, ili majirani wa kituo kama hicho wajue wanaishi kando ya nini. Hiyo hesabu inajulikana na kila aliyemaliza Fomu Tatu. Tuko wengi sana nchi hii tunaoijua, na tuliiacha chumba cha mtihani pamoja na ile kalamu.

Na inakuja kuwa mbaya zaidi. Mfumo mpya, Gredi ya 10 wanachagua mkondo. Sipingi, mimi mwenyewe ningechagua sanaa nikapumzika. Lakini kemia haitakuwa ya kila mtu. Kuna mtoto atamaliza shule bila kukutana na moli hata siku moja, na huyo mtoto atahamia bedsita Julai kama mimi. Kwa hivyo hii hesabu ya jiko iwekwe chini zaidi, kwa sekondari msingi ambapo wote bado wako pamoja. Hata neno moli wasiliseme. Wafundishwe tu kwamba kipande cha makaa cha ngumi kinatosha kuharibu hewa ya chumba kizima, na waonyeshwe namba.

Kuonyesha ni rahisi, nilijaribu kwa video ya wiki jana. Kijiko kidogo cha soda ya kuokea, gramu 3.5, ndani ya baluni. Siki kwa chupa. Vuta baluni kwa mdomo wa chupa, mwaga. Gramu 3.5 gawanya kwa 84, mara 24, lita moja. Baluni ikafura mbele ya mtoto wa mathe wa mandazi, akaniuliza, "Hiyo yote ilikuwa ndani ya kijiko?" Ndiyo, yote. Nikamwonyesha jiko la mamake, nikamwambia sasa hilo. Hakucheka.

Mathe bado yuko mlango wa pili wa ile keja ya zamani. Huwa napitia kununua mandazi na sijawahi kumwelezea moli ni nini. Alijua la kufanya bila hiyo.

Najua komenti ya kwanza itakuwa "hata digrii hakuna na anatufunza kemia." Sawa, weka. Chini yake andika urefu, upana na kimo cha keja yako, na kama unatumia makaa ama mtungi wa kilo ngapi. Nitawapigia hesabu wote kufikia Jumapili, kwa 24 na kwa 29.